Nilipoacha Kuwa Farumi

Msimu wetu wa kwanza wa kutweka tanga nilikuwa na mahali pangu pamoja tu: kwenye benchi la upande wa joshi (upande unakotoka upepo), mgongo umeegemea ukingo, mikono imefumbata kamba isiyokuwa na kazi yoyote. Mume wangu ndiye aliyeshika kana (mpini wa usukani), akakaza demani (kamba ya kuvutia tanga), akasoma dira, akapiga bisha (kwenda kushoto na kulia dhidi ya upepo), akatua tanga na kukifunga chombo gatini. Mimi nilihamishwa tu. "Njoo huku kidogo, Mama." "Haya, sasa kaa kule." Chombo kikilala sana upande mmoja, nilitumwa upande wa pili ili uzito wangu ukiinue. Mabaharia wana jina la kitu kinachofanya kazi hiyo. Mawe au mchanga unaopakiwa chini ngamani ili chombo kisipinduke huitwa farumi.

Sikuwa na kinyongo. Bahari niliipenda tangu siku ile ya kwanza injini ilipozimwa na nikasikia maji yakipita ubavuni, sauti ambayo hadi leo sijui niifananishe na nini. Nilipenda kumtazama mume wangu akiwa na furaha ya kijana wa miaka 20. Lakini jioni watu walipotuuliza habari za safari, yeye alisimulia safari na mimi nikasimulia mandhari. Taratibu nikaanza kuona kwamba tulikuwa tunakwenda mahali pamoja bila ya kwenda pamoja.

Tulistaafu kwa kupishana miezi saba. Yeye alikuwa mhandisi, mimi mhasibu. Miaka yote ya kazi tulikuwa tunaonana saa tatu au nne kwa siku, tena wote tumechoka, na katika saa hizo kulikuwa na watoto, bili na taarifa ya habari. Halafu ghafla zikaja siku za saa 24. Watu wengi huwatakia wastaafu mapumziko mema, na ni dua nzuri, ila hakuna anayekuambia kwamba utahitaji kujuana upya na mtu uliyedhani umemmaliza kumjua. Tukanunua chombo kilichokwisha tumika, cha mlingoti mmoja, urefu wa mita 8. Mita 8 ukiziona gatini ni nyingi. Ukiwa ndani, mmoja akitaka kupita, mwingine lazima ainuke.

Kilichobadilisha mambo kilichukua sekunde moja.

Tulikuwa na upepo mzuri, mawimbi madogo yenye mapovu hapa na pale. Mume wangu aliifunga kana kwa kamba ili chombo kishike njia, akaenda omo, mbele ya chombo, kuweka sawa tanga la mbele lililokuwa limenasa. Chombo kikapanda wimbi, mguu wake ukateleza, mwili wote ukatoka nje ya ukingo. Akaudaka waya wa mlingoti kwa mkono mmoja, akajivuta ndani, akamaliza kazi aliyoiendea na kurudi akitabasamu. Mimi sikuweza kutabasamu. Nilikuwa naitazama ile kamba iliyofunga kana. Sikujua hata imefungwa vipi.

Usiku ule nikafanya hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha ninayoiamini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Tulikuwa tunakwenda maili 5 kwa saa, mwendo ambao mtu akiutazama kutoka nchi kavu anauona kama wa kutembea. Ni mita 154 kwa dakika. Kama mkono wake ungekosa ule waya, na kama ningetumia dakika mbili tu kuhangaika na fundo la kana, angekuwa mita 300 nyuma yetu. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi kwa umbali huo hukioni, hata uwe unampenda namna gani.

Nilimwamsha.

"Nifundishe chombo chote," nikamwambia. "Si kamba hii na ile. Chombo chote, mpaka niweze kukirudisha nyumbani peke yangu."

"Umeanza kuogopa?"

"Ndiyo. Kwa hiyo nifundishe."

Nawaambia ukweli wanandoa wanaofikiria jambo hili: wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko miaka kadhaa ya ndoa yetu. Mume wangu ni mtu mpole, lakini mkono wake ulikuwa na mazoea. Nilipochelewa kidogo kukaza demani, mkono wake ulikuwa umeshafika. Nilipopeleka kana upande usio sawa (na mwanzoni kila mtu hukosea, maana ukiisukuma kushoto chombo kinageuka kulia) aliinyakua kabla sijaliona kosa langu. Kila aliponyakua, nilijifunza kitu kimoja tu, kwamba siaminiwi. Nami nikawa mkali. Tulipigizana kelele mbele ya gati lililojaa watu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na sisi tulikuwa wawili tu, na mrama tulikwenda kwelikweli.

Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, nilikwenda kujifunza kwa mtu mwingine. Nilijiunga na darasa la siku tano katika chombo ambacho mume wangu hakuwemo. Mwalimu alikuwa binti anayeweza kuwa mwanangu, na aliniacha nikosee. Siku ya pili nilikipeleka chombo pua kwa pua na upepo, tanga likapigapiga kama shuka kwenye kamba ya nguo, tukasimama kabisa. Hakunyakua chochote. Alisubiri. Baada ya muda mrefu aliniuliza, "Upepo unakugusa shavu gani?" Mpaka leo nikipotea naanza na swali hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nalitazama msimu mzima bila kuliona. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Kinachoweza ni kuukaribia kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kwanza upepo ukiwa shavu hili, kisha kigeuke uwe shavu la pili, na kwa kupiga bisha hivyo, kushoto na kulia, kinapanda taratibu kuelekea palepale upepo unapokizuia. Tanga linapokuwa limekaa sawa, kana inakuwa na uzito mdogo mkononi, kama mtoto anayekuvuta kidole akitaka kukuonyesha kitu. Likikazwa mno, uzito unazidi na chombo kinalala bila kuongeza mwendo. Likilegea mno, ukingo wa mbele wa tanga unaanza kutetemeka na kana inakufa mkononi. Mtu hawezi kulijua hili kwa kuambiwa. Lazima alishike mwenyewe. Nilikaa na kana siku ile kwa saa mbili bila kutaka kuiachia, nikilia machozi kidogo. Mwalimu alijifanya anatazama boya.

Sehemu ya pili ya dawa tuliiandika wenyewe nyumbani, kwenye karatasi ambayo bado imebandikwa ndani ya chombo, juu ya ramani. Aliyeshika kana ndiye nahodha. Ni nahodha mpaka atakapotamka "chukua", na mwenzake ajibu "nimechukua". Kabla ya jibu hilo hakuna kilichohama. Asiyekuwa nahodha anasema anachokiona, si kinachotakiwa kufanywa: "boya, kulia, karibu", "meli, mbele, inakuja". Hasemi "geuza" wala "kaza". Lipo neno moja la hatari ambalo yeyote anaweza kulitamka na mwenzake akatii bila kuuliza, na neno hilo ni "simama". Kwa miaka minne tumelitumia mara mbili.

Tunapokezana nahodha kwa siku, si kwa saa. Hilo lina maana yake. Nahodha wa siku ndiye anayeamka kusoma utabiri, ndiye anayeamua kama tunatoka au hatutoki, na akisema hatutoki hakuna mjadala. Kabla ya hapo mume wangu alikuwa akiamua na mimi nikiwa na wasiwasi kimyakimya. Sasa asubuhi zangu naamua mimi, na nimegundua kwamba mimi ni jasiri kuliko nilivyofikiri katika mambo fulani, na mwoga kuliko yeye katika mengine. Upepo hasa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Kwa hiyo mimi napunguza tanga mapema, mapovu meupe yanapoanza kuwa mengi baharini, ile daraja ya 4 katika kipimo cha nguvu ya upepo alichokipanga ofisa wa majini Francis Beaufort mwaka 1805. Mume wangu hungoja daraja ya 5. Siku zangu tunafika tukiwa tumechelewa na nguo zetu zimekauka.

Maji kujaa na kupwa nayo ni yangu, kwa sababu ni hesabu. Watu hudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja kwa zile saa sita. Kanuni ya mabaharia inagawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo mkondo unapokuwa na nguvu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kimo ni kikubwa na mkondo ni mkali. Wakati wa maji mafu kila kitu kinatulia. Naandika hesabu zangu kwa penseli pembeni mwa ramani, na mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa hasomi hata risiti, huja na miwani yake kuzikagua.

Kuna jambo moja la umri ambalo sikulitegemea, nalo ni masikio. Kwa muda mrefu niliamini mume wangu ananipuuza nikiwa omo na yeye yuko tezini, nyuma ya chombo. Nilikuwa nasema, anaendelea na lake. Nilipandisha sauti, akaniuliza kwa nini namfokea. Kumbe masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, za juu, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti nyingi, na sauti ya mwanamke ikichanganyika na upepo na injini inabaki mvumo tu. Alikuwa ananisikia, ila hasikii maneno. Nilipolijua hilo nilisikitika kwa kumbukumbu za ugomvi mwingi wa bure, na si wa baharini peke yake. Tukaacha kupiga kelele. Sasa tuna ishara za mikono: kiganja wazi ni polepole, ngumi ni acha, kidole kinaonyesha upande ilipo nanga au boya. Tunatia nanga bila neno hata moja. Nyumbani nako, nikitaka kumwambia jambo la maana, ninakwenda kusimama mbele yake kwanza.

Zoezi la mtu kuanguka majini tunalifanya kila mwezi, na hili silifanyii mzaha. Tunatupa dumu lililojazwa maji nusu na kufungwa boya dogo. Mmoja wetu anakaa kimya kabisa kana kwamba ndiye aliyeanguka, na mwingine anabaki peke yake na chombo. Kazi ya kwanza ni kutupa boya la kuokolea. Ya pili ni kulionyesha dumu kwa kidole na kutoliondolea jicho. Kisha ugeuze, ulikaribie upepo ukiwa karibu na pua ya chombo, ulegeze matanga ili chombo kisimame ubavuni mwa dumu badala ya kulipita. Mara ya kwanza nilihitaji dakika kumi na moja. Siku hizi nalifikia kwa dakika tatu au nne.

Lakini kulifikia ni nusu tu. Kumtoa mtu mzima majini, nguo zimelowa na mwenyewe amechoka, ni kazi inayowashinda vijana wawili wenye nguvu. Mimi nina kilo 58. Kwa hiyo tulifunga ngazi inayoshuka chini ya maji kiasi cha kutosha mguu kuipata, na tukatengeneza kapi nne zinazoning'inizwa kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga kuu, kamba yake ikipitishwa kwenye winchi. Siku tulipojaribu, mume wangu alijitupa majini kando ya gati akiwa na jaketi okozi, akalegea mwili mzima kama aliyezimia. Nikamwunganisha kwenye ndoana, nikazungusha winchi. Akapanda, sentimita kwa sentimita, maji yakimtiririka, mpaka nikamwona uso kwa uso, ananing'inia mbele yangu. Nilimpandisha mimi mwenyewe. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili na sikuweza kusema kitu.

Namfikiria mara nyingi Jeanne Socrates, Mwingereza aliyekuwa mhadhiri wa hisabati. Alianza kusafiri kwa tanga akiwa mtu mzima, na baada ya kustaafu yeye na mume wake George waliishi katika chombo chao na kutembea nacho bahari. George alifariki kwa saratani mwaka 2003. Jeanne hakukiuza chombo. Mwaka 2013, akiwa na miaka 70, alikamilisha kuizunguka dunia peke yake bila kutia nanga mahali popote, na mwaka 2019, akiwa na miaka 77, akafanya hivyo tena. Wengi humtaja kwa rekodi zake. Mimi huwaza ile miaka ya nyuma, walipokuwa wawili, naye akijifunza. Mwenzako akikufundisha chombo chote, anakupa kitu ambacho kitabaki mkononi mwako hata yeye asipokuwepo, na kumfundisha mtu namna hiyo kunahitaji ukubali kwamba siku hiyo ipo. Mume wangu nami tumeliongea hili, usiku mmoja tukiwa kwenye nanga. Hatukulimaliza, na hakuna haja ya kulimaliza kwa usiku mmoja.

Mwaka jana ilikuwa siku yake ya unahodha. Tulikuwa tunarudi, upepo ukivuma kutoka nchi kavu, na alikuwa amevua glavu zake ili afungue fundo. Dharuba ikashuka kutoka mlimani bila kutoa dalili majini. Demani ikamponyoka kwenye winchi, akaikamata kwa viganja vitupu, ikapita ndani yake kama moto. Alipoifungua mikono, ngozi ilikuwa imechubuka viganja vyote viwili.

Alinitazama. Uso ulikuwa mweupe kwa maumivu, lakini sauti ilikuwa ileile tunayoitumia siku zote.

"Chukua."

"Nimechukua."

Nikakipeleka chombo kwenye upepo, nikaifunga kana, nikalegeza henza na tanga kuu likashuka. Nikaangalia pande zote mbili kwanza kama hakuna kamba inayoelea, maana kamba ikijifunga kwenye rafadha, ile panga inayozunguka majini kusukuma chombo, huna tena injini. Nikawasha. Mume wangu alikaa chini, mikono ndani ya ndoo ya maji baridi, hakusema neno. Kwenye gati palikuwa na nafasi mbili. Rafadha yetu tukirudi nyuma huvuta tezi kushoto, nami nikachagua nafasi ambayo gati lingekuwa kushoto kwangu, ili chombo kijilaze chenyewe. Upepo ulikuwa unatusukuma kutoka gatini. Boti haina breki, na mwendo wa kulifikia gati ni ule ambao uko tayari kugonga nao. Nikaenda polepole kuliko hapo. Mita kumi. Mita tano. Nikaweka injini nyuma kwa muda mfupi, tezi ikaingia taratibu, nikatoka na kamba ya katikati na kuizungushia nguzo mara mbili kabla upepo haujaamua vinginevyo.

Kijana mmoja alikuwa amekuja mbio kutusaidia. "Mzee, nirushie kamba ya mbele!" alimwambia mume wangu.

Mume wangu aliinua viganja vyake kutoka kwenye ndoo. "Muulize nahodha," akasema.

Mikono yake ilichukua zaidi ya wiki tatu kupona. Tulitoka mara nne katika wiki hizo, bandeji zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, na kwa kuwa hakuweza kushika kitu, alikaa kwenye lile benchi la upande wa joshi. Nilimwambia asogee huku, akasogea. Nikamwambia akae kule, akakaa. Siku ya pili alikuwa kimya muda mrefu, kichwa amekiinamisha ubavuni mwa chombo, nikadhani maumivu yamezidi.

"Sikiliza," akasema. "Umelegeza demani sasa hivi, siyo? Sauti ya maji imebadilika hapa. Nilikuwa siisikii kutoka kwenye kana."

Ni sauti nzito, ya chini, masikio yake bado yanaipata. Nilimwambia nimeisikiliza msimu mzima. Akaniomba nimweleze inavyokuwa chombo kikiwa karibu na upepo, na inavyokuwa kikipewa upepo wa tezini, nami nikamweleza, na kila mara nilipobadili tanga alinyanyua mkono uliofungwa bandeji kuniashiria kwamba amesikia. Jioni jirani yetu wa gatini alituuliza safari ilikuwaje. Nikamsimulia tulikopita, tulivyopiga bisha mara sita kuuzunguka mwamba. Mume wangu alisubiri nimalize, kisha akaanza kumweleza kuhusu maji.